Chai Isiyo na Sukari, Mahamri Matatu

Shangazi yangu aliiacha sukari siku ileile aliyoambiwa anayo. Aliiacha kwelikweli. Kibakuli cha sukari kiliondoka mezani, haluwa ya Idi akawa aipitisha kwa wageni bila kuonja, na chai ya asubuhi akainywa kwa tangawizi na iliki tu. Hata mahamri aliyokuwa akiyaumua mwenyewe aliacha kuyatia sukari. Lakini kando ya kikombe kile, kila asubuhi, palikuwa na mahamri matatu na kijibakuli cha mbaazi za nazi. Mchana wali. Jioni chapati, au sima kwa samaki. Alipopimwa tena baada ya miezi kadhaa namba haikuwa imeshuka, akaongezewa dawa.

"Miye sukari nimeiwata, mwanangu," aliniambia tumeketi barazani kwake Mji wa Kale. "Mbona bado yapanda?"

Badala ya kumjibu nikamuuliza kama dawa anameza sawasawa. Nilidhani kuna kitu anakula kwa siri. Akaniapia kwamba hali kitu, na alikuwa akisema kweli tupu. Niliposoma zaidi nikaona haya kwa lile swali langu. La kwake lilikuwa zuri kuliko langu, na haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Ushauri aliopewa ni ule ambao wagonjwa wengi wa kisukari hapa Mombasa wanaujua kwa moyo: punguza vitu vitamu, punguza mafuta, kula mkate wa kahawia badala ya mweupe, kula wanga kwa kiasi. Katika kliniki aliyokuwa akihudhuria alipewa na karatasi yenye picha ya sahani. Nimeiona. Ina tufaha, viazi vya kuchemsha, vipande viwili vya mkate, paja la kuku na majani ya saladi. Haina hamri. Haina muhogo wa nazi, wala mkate wa mofa, wala kaimati, wala wali. Neno "kiasi" limeandikwa mara tatu, na hakuna mahali palipoelezwa ni kiasi gani. Mtu ambaye tangu utotoni kiasi chake cha wali ni sahani iliyojaa, na ambaye akisita huongezewa upawa mwingine kwa mapenzi, ataisoma karatasi hiyo na kuona kwamba yeye tayari anakula kwa kiasi.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Ugonjwa tunauita sukari, basi adui tunamtafuta ndani ya kopo la sukari. Ilhali wanga nao ni sukari iliyoshikana mikono: chembe za glukosi zilizoungana katika mnyororo mrefu, mrefu kiasi kwamba ulimi hauuonji utamu wake. Mate huanza kuukata mnyororo huo mdomoni, utumbo humaliza kazi, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ileile inayotoka kwenye soda.

Siku moja nilikwenda kwake na mizani ya jikoni, nikaipima sahani yake ya mchana kabla hajaanza kula. Wali wa gramu 320. Katika kila gramu 100 za wali mweupe uliokwisha kupikwa mna wanga wa gramu 28 hivi, kwa hiyo mbele yake palikuwa na wanga wa karibu gramu 90. Vijiko viwili vya sukari alivyoviondoa kwenye chai yake, tena kwa uchungu, vilikuwa gramu 8. Na ili mtu aone uzito wa hesabu hiyo: katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya ambaye hajala, glukosi iliyomo ni kadiri ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Mwili unalinda kijiko hicho kimoja mchana na usiku, na sisi tunaupelekea vijiko ishirini na zaidi kwa mlo mmoja, kisha tunausifu kwa kuwa chai ilikuwa chungu.

Sisi wa Mombasa tunaweza kulielewa jambo hili kwa kuitazama bandari ya Kilindini. Meli inateremsha makasha, malori yanayachukua, na yadi inabaki wazi. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoyaamrisha malori yapakie. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wagonjwa walio wengi, malori mara nyingi yapo, tena mengi, lakini maghala yanakopelekwa mzigo, yaani ini na misuli, yamekwisha kujaa. Makasha yanarundikana yadini. Ukimwambia mkubwa wa bandari asipokee vifurushi vidogo vya posta huku meli kubwa inatia nanga mara tatu kwa siku, humsaidii. Mtu anayesukuma mkokoteni wenye magunia pale Kongowea tangu alfajiri ana maghala yanayofunguliwa kila saa, na sima yake ya mchana inateketea jasho likimtoka. Shangazi yangu ana miaka sitini na kitu, magoti yanamuuma, na siku yake ni ya nyumbani. Chakula ni kimoja, miili ni miwili.

Wagonjwa hawaambiwi kwamba ushauri huu wa wanga una historia, na kwamba umegeuka zaidi ya mara moja. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita ugonjwa huu madhumeha, mkojo wa asali, kwa kuwaona sisimizi wanavyoukimbilia. Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alichapisha habari za ofisa aliyemlisha nyama na mafuta na kumnyima karibu kila kitu kitokacho shambani, na sukari katika mkojo wake ikapungua mno. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870 na 1871, daktari Apollinaire Bouchardat aliona jambo la ajabu katikati ya njaa ile: baadhi ya wagonjwa wake wa kisukari walikuwa nafuu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Frederick Allen huko Marekani aliwapunguzia wagonjwa chakula hadi wakabaki ngozi na mifupa, na kwa njia hiyo ya kikatili akawaongezea baadhi yao muda wa kuishi. Halafu Toronto, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best wakaipata insulini, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano. Watoto waliokuwa wakingojewa kufa wakaanza kunenepa. Hakuna anayestahili kuizungumzia kisukari bila kuikumbuka neema hiyo.

Baada ya insulini kamba ya chakula ililegea kidogo kidogo, kisha tangu miaka ya 1950 ukaja wasiwasi mwingine, wa moyo. Wagonjwa wa kisukari hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko kwa sukari yenyewe, na mafuta ndiyo yaliyoshukiwa. Hapa ndipo fundo lilipofungwa. Ukimwambia mtu apunguze mafuta, na nyama ukamtilia shaka kwa sababu ya mafuta yake, tumbo litajazwa na nini? Na wanga. Mwaka 1971 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliacha kusisitiza kwamba wanga upunguzwe, na kufikia 1979 kikawa kinapendekeza utoe asilimia 50 hadi 60 ya nguvu za chakula cha mgonjwa. Karatasi kama ile ya shangazi ni wajukuu wa maamuzi hayo.

Siwalaumu waliofikia uamuzi ule. Waliona watu wakianguka kwa mshtuko wa moyo, wakafanya walichodhani kitawaokoa. Ninachokilalamikia ni kilichofuata, yaani mwendo wa kobe wa kurekebisha. Mwaka 2019 chama hichohicho kilitoa ripoti ya makubaliano ya wataalamu kuhusu chakula. Ripoti hiyo inasema hakuna asilimia moja ya wanga inayowafaa watu wote, na kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuiboresha sukari ya damu, na kunaweza kufanyika ndani ya mitindo mingi tofauti ya kula. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu 1979. Sentensi hiyo ilipaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati kutoka Likoni hadi Kisauni. Shangazi aliisikia kwangu, mpwa wake mwandishi, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu mimi si daktari.

Ushahidi wenyewe si wa kupigiwa vigelegele tu, na nitaueleza na upungufu wake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa jimbo la Indiana waliokuwa wakisimamiwa na daktari Sarah Hallberg na wenzake, ambao walipunguza wanga mpaka ukawa kidogo kabisa. Kati ya waliomaliza mwaka, takriban asilimia 60 kipimo chao cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kiitwacho HbA1c, kilishuka chini ya asilimia 6.5, ambacho ndicho kizingiti cha ugonjwa, bila dawa au kwa kidonge cha metformini peke yake. Ni matokeo makubwa. Lakini watu wale walijichagulia wenyewe njia hiyo, na walikuwa na wauguzi na washauri wakiwafuatilia karibu kila siku. Mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 yaliyogawa watu kwa kura. Baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa chini ya kizingiti, dhidi ya asilimia 31 ya wengine. Baada ya miezi 12 tofauti hiyo ilikuwa imenywea sana.  Inaelekea watu walikuwa wamechoka na kurudia sahani zao za zamani.

Na upo utafiti ambao wapenzi wa kukata wanga hawapendi kuutaja. Unaitwa DiRECT, ulifanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza chini ya Roy Taylor na Mike Lean, na matokeo yake ya kwanza yalitoka Desemba 2017. Wagonjwa walipewa vinywaji maalumu vyenye kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula pole pole. Baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa wameponyoka ugonjwa bila dawa yoyote, na kwa waliopoteza kilo 15 au zaidi ikawa asilimia 86. Vinywaji vile vilikuwa na wanga wa asilimia 59. Wanga wa asilimia 59, na bado kisukari kikalegea, kwa sababu chakula chote kwa jumla kilikuwa kidogo na mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho yalitoka. Maghala yalifunguliwa.

Kwa hiyo anayesema wanga ni sumu anapotosha, sawasawa na anayesema wanga lazima uwe nusu ya sahani. Ninavyoona mimi, kupunguza wanga ni mlango mmoja mpana, kwa wengi ndio ulio karibu zaidi, na mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa kwamba upo. Ana haki hiyo siku ya kwanza anapopewa habari mbaya, kabla ya dawa ya tatu.

Yupo daktari wa kawaida wa mtaani huko Southport, Uingereza, David Unwin, ambaye tangu 2013 amekuwa akiwapa wagonjwa wake hiari hiyo. Sifa yake kwangu ni lugha aliyoitumia. Aliacha kuzungumza habari za fahirisi na asilimia, akatengeneza picha za vyakula na vijiko vya sukari kando yake. Wali wa gramu 150, anaonyesha, huinua sukari ya damu kwa kadiri ya vijiko 10 vya chai. Ni makadirio, na mwili wa kila mtu una mambo yake, lakini mgonjwa akiiona picha ile hahitaji tafsiri. Nilipomwonyesha shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hamri je?"

Tunahitaji mtu wa kutujibu hilo la hamri. Utafiti mwingi umefanywa kwa watu wanaokula mkate na viazi, ila majirani zetu wa ng'ambo ya bahari wamekwisha kuanza kazi. Wali, pilau, biriani na chapati tunavila pamoja na watu wa Bara Hindi, na mchele mwingi unaoshushwa hapa bandarini unatoka Pakistan. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 132,000 katika nchi 21. Waliokula wali mweupe wa gramu 450 au zaidi kwa siku waliingia katika kisukari zaidi kuliko waliokula chini ya gramu 150, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi Asia ya Kusini kuliko kwingine kote. Mwaka 2022 daktari V. Mohan wa Chennai na wenzake, kwa kutumia takwimu za Wahindi zaidi ya 18,000, walikadiria kwamba mgonjwa mpya anayetaka kuponyoka ashushe wanga hadi kati ya asilimia 49 na 54, na nafasi inayobaki aiongezee protini. Tazama ulivyo mpole ushauri huo. Haumwambii mtu aache wali. Unamwambia aupunguze, aongeze samaki na dengu. Ushauri wa namna hii mtu wa Mvita anaweza kuishi nao mpaka mwisho wa umri wake.

Kuhusu mkate wa kahawia nitasema kwa ufupi kwa sababu hapastahili maneno mengi. Tangu 1981, David Jenkins na wenzake wa Toronto walipobuni kipimo cha kulinganisha vyakula kwa kasi ya kuinua sukari, mikate imepimwa mara nyingi. Katika majedwali ya kimataifa mkate mweupe uko 75 na wa ngano nzima uko 74. Ngano ikishasagwa laini, kupakwa rangi ya afya hakubadilishi mengi. Nyuzinyuzi zina faida zake, lakini mgonjwa anayelipia zaidi mkate wa kahawia na kula vipande vinne akidhani amejikinga ameonewa.

Turudi kwenye sahani yetu, maana hapo ndipo ninapoona tumaini kuliko mahali pengine popote. Chakula cha Pwani hakijaharibika. Kimeinama upande mmoja. Katika mlo uleule wa asubuhi wa mahamri na mbaazi, mbaazi ndizo zinazomsaidia mgonjwa. Zina protini, zina nyuzinyuzi, wanga wake unatoka taratibu, na nazi inaupunguza mwendo zaidi. Sisi tumezifanya kitoweo, kijibakuli cha kuchovyea. Geuza: bakuli kubwa la mbaazi, hamri moja la kuchovyea. Mchana, badala ya mlima wa wali na kipande cha samaki juu yake, weka samaki wa kupaka mzima, mchicha au bamia au kisamvu nusu ya sahani, na wali upawa mmoja. Jioni kunde, au pojo, na kachumbari nyingi. Hakuna kilichoagizwa kutoka nje. Pia kuna dalili nzuri kwamba mtu akianza na mboga na samaki, wanga akaula mwisho, sukari hupanda kidogo kuliko akianza na wanga. Mwaka 2015 watafiti wa New York, Alpana Shukla akiwamo, waliliona hilo kwa wagonjwa 11. Ni wachache mno wa kutungia sheria, ila kujaribu hakugharimu kitu.

Gharama ndiyo kikwazo cha kweli, na anayewahubiria watu wa Majengo kuhusu chakula bila kuitaja hajui anasema na nani. Unga na mchele ndivyo vinavyoshibisha watoto sita kwa pesa za siku. Samaki wamepanda bei, nyama ndiyo usiseme. Kwa hiyo yule anayesema "acha wanga, kula nyama" anazungumza na wenye nacho. Kunde, mbaazi, pojo, mayai, dagaa na mboga za majani ndizo zinazoweza kubeba mabadiliko haya katika nyumba ya kawaida, na hata hizo zinahitaji makaa au gesi ya kuchemshia kwa muda mrefu kuliko sima.

Kikwazo cha pili sijakiona kwenye karatasi yoyote, nacho ni sinia. Arusini, hitimani, Ijumaa nyumbani kwa wakubwa, tunakula watu wanne au watano sinia moja. Ni adabu na ni mapenzi, na singependa kuiona ikipotea. Lakini anayekula sinia hajui amekula kiasi gani. Mkono unakwenda na mikono ya wenzake, biriani inaongezwa katikati, na anayeacha kula mapema ataulizwa kama amekasirika. Nimeketi na wazee wanaojua vizuri kwamba sukari yao iko juu, wakala hadi mwisho kwa kuogopa kumwaibisha mwenye shughuli. Mtaalamu wa lishe anayesema "robo ya sahani iwe wanga" na hajawahi kuiwaza sinia, hajafika kwetu. Shangazi amejitafutia njia yake: hula samaki na kachumbari nyumbani kabla ya kwenda, na kwenye sinia huketi karibu na nyama. Wenyeji hawajamkasirikia.

Ramadhani nayo inataka karatasi yake peke yake. Futari ya Mombasa ni tende, uji, viazi vitamu vya nazi, muhogo wa nazi, ndizi za nazi, kaimati zilizozama kwenye shira, tambi, mkate wa sinia. Karibu yote ni wanga juu ya wanga, katika tumbo lililokaa mchana kutwa bila kitu. Sukari inaruka magharibi, na mtu huyohuyo alasiri yake ilikuwa imeshuka hadi anatetemeka. Tende moja ya kufungulia, maji, mchuzi wa samaki kwanza, na kipande kimoja cha muhogo badala ya muhogo, viazi na ndizi vyote pamoja: huo ni ushauri ambao ungeweza kutolewa kabla ya mwezi kuandama, msikitini, na mtu anayeyajua majina ya vyakula.

Hapa inanibidi nipaze sauti. Anayemeza glibenklamidi, au dawa za kundi lake, au anayejidunga insulini, asipunguze wanga kwa kasi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa hizo zinashusha sukari mtu awe amekula au hajala. Ukiondoa wali na dozi ikabaki ileile, unaweza kuanguka jikoni, au barabarani ukiendesha gari. Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: pima, na ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, kunywa kitu cha sukari papo hapo. Dawa kama empagliflozini na dapagliflozini zina hatari nyingine, ya damu kujaa asidi kwa mtu aliyekata wanga kupita kiasi. Mwenye figo dhaifu asijiongezee protini kiholela. Mjamzito ana mambo yake. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, ale asile, apunguze wanga asipunguze. Wapo wanaouza unga wa mizizi na maneno matamu kwenye simu, wakiwaambia watu waache insulini kwa kuwa "chakula ni dawa". Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini anaweza kufa kwa siku chache. Wanaosema hayo wanaua, na sina neno la upole kwao.

Lakini hatari ya dawa isiwe sababu ya kumnyamazia mgonjwa. Ni sababu ya daktari na mgonjwa kulifanya pamoja: chakula kinashuka, dozi inashuka, kipimo kinafuatiliwa. Ndicho ninachokiomba kwa kliniki zetu. Badala ya karatasi ya tufaha, swali moja: jana ulikula nini, tangu ulipoamka? Na baada ya swali, kipimo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Waliopimwa nao hupimwa asubuhi hawajala, mara moja kwa miezi, na namba hiyo haiwezi kumwambia mtu hamri limefanya nini. Kinachomwambia ni kupima kabla ya kula na tena saa mbili baadaye. Wengi wa wagonjwa hutakiwa wasipite 10 saa hizo. Ukipima mara chache namna hiyo, mabishano yote ya Boston na London yanakwisha, kwa sababu sasa unayo habari ya mwili wako na chakula chako. Mashine yenyewe si ghali sana. Stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu, ndizo zinazomaliza pesa, na kama kaunti inataka kufanya jambo moja kwa wagonjwa wa kisukari, iwape stripu 50 katika mwezi wa kwanza, na mtu wa kuwasomea majibu.

Shangazi tulimnunulia sisi watoto wa nyumbani. Ana daftari la jalada la buluu, ameligawa kwa mistari ya rula. Hamri tatu na mbaazi kidogo: 14.1. Hamri moja na mbaazi bakuli, na yai: 9.3. Wali sahani: 15.6. Wali upawa mmoja, changu, mchicha: 9.8. Chapati mbili kwa mchuzi: 13.9, na kando ameandika kwa kalamu nyekundu, "hapana". Alilipeleka daftari hilo kwa daktari wake, ambaye alilisoma kurasa zote, akamuuliza maswali mengi, akampunguzia kidonge kimoja na kumwambia arudi baada ya majuma matatu. Ni mgonjwa mmoja, na daftari lake si utafiti.

Juzi amenipigia simu. Stripu zimekwisha, na muhogo bado hajaupima.